Ukuta Uliongoja Jumamosi

Ndugu, majirani na mafundi wenzake mliofika hapa Keighley leo Ijumaa, tarehe 2 Februari 2024, familia imenituma mimi Dennis, mpwa wake, niwasomee maisha ya marehemu Wilfred Ogden, mjomba aliyenilea nusu ya utoto wangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, katika nyumba ya mawe nyuma ya kiwanda cha sufu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Herbert Ogden na Bi. Edith. Alisoma hapa hapa mjini hadi Julai 1961, na kwa kuwa vitabu havikumpenda naye hakuvibembeleza, akaingia kwenye ufundi wa lipu, akashika mwiko, akadumu nao mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Noreen Sugden, ambaye tumekaa naye hapa mbele, wakajaliwa Lorraine mwaka 1972 na Gareth mwaka 1975. Walipohamia nyumba yao ya sasa mwaka 1978, marehemu alitaka kumfurahisha mkewe, akazipaka kuta zote za sebule plasta nzito ya mapambo iliyokuwa fasheni siku zile, akaichora kwa kitana nusu duara zilizopandana kama magamba ya samaki, mtaa mzima ukaja kutazama, na nusu ya mtaa ikamwomba awapakie nao kama hiyo.

Anti Noreen aliuchukia ukuta ule kabla haujakauka vizuri. Ulikuwa unakusanya vumbi, unawachubua watoto viwiko na kuchana sweta zake, akaubatiza jina la ukuta wa uji, kwa kuwa ulifanana na uji uliomwagika ukagandia hapo. Kila ulipomkwaruza alipaza sauti, "Wilf, ukuta wako umening'ata tena, utaufunika lini?" na marehemu alijibu bila kuinua macho kwenye gazeti, "Jumamosi, bibie." Fasheni ikapita, watu walewale wakamwita aje kuyafunika magamba yale kwa lipu laini, akafunika nyumba baada ya nyumba, kwake yakabaki, kwani mganga hajigangi, na kwetu sisi Jumamosi ikawa na maana ya jambo lisilotokea kamwe. Ukimwomba Gareth akurudishie ngazi yako akakujibu Jumamosi, nunua nyingine.

Mwaka 2021 mapafu ya marehemu, yaliyokuwa yamemeza vumbi la nyumba za watu tangu ujana wake, yalianza kumshinda, na daktari alipomweleza ukweli, hakulalamika, alisema tu kwamba kuna ukuta mmoja hawezi kufa na kuuacha. Alipeleka kipande cha ukuta kikapimwe, kwa sababu plasta nyingine za zamani zilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake ni sumu, kikaonekana hakina sumu hiyo, ndipo akampeleka mkewe kukaa kwa dada yake mjini Skipton, akafunika sebule yote kwa mkono wake, akipumzika kila baada ya hatua chache, hadi ukuta ukawa laini kama sahani.

Anti alirudishwa tarehe 24 Septemba 2022, na ilikuwa Jumamosi, marehemu aliitaka iwe siku hiyo. Tulijazana sebuleni sote, akamshika mkewe bega akamwambia, "Haya bibie, Jumamosi imefika, pitisha mkono." Anti akapitisha mkono, akaupitisha tena, akapiga hatua mbili akasimama katikati ya sebule yake mwenyewe, akauliza kwa sauti ndogo, "Wilf, mlango uko wapi?"

Hapo ndipo tulipojua. Anti alikuwa amepofuka muda mrefu, naye hakutaka kuwa mzigo kwa mgonjwa, alikuwa anatembea kwa kupapasa magamba yale, akijua kwa vidole palipo kiti na palipo mlango wa jikoni, na aliendelea kuutukana ukuta ili tusishtuke. Mjomba wangu alikaa chini akalia, na mimi sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika bibi Edith, mama yake.

Kesho yake alikoroga plasta nzito. Gareth alitaka kumsaidia, akamkatalia, "Mkono wangu anaujua, wako hajauzoea," akakaa juu ya kigoda, pumzi ikimkata, akachora mkanda mmoja wa magamba kwenye usawa wa kiganja cha mkewe, kutoka kwenye kiti chake hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi mlango wa mbele, magamba yote yakielekea mlangoni ili asipotee. Ndiyo kazi yake ya mwisho, na mbele ya mafundi wenzake nasema haikunyooka.

Alilazwa mwanzoni mwa Januari, akatutoka alfajiri ya tarehe 17 Januari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea supu na kutuwashia moto, mafundi wenzake waliobeba jeneza, na kina mama waliotuandalia chai na mikate ya nyama, karibuni nyote baada ya ibada.

Leo asubuhi Anti alikataa mkono wa kila mtu, akaweka vidole ukutani, akatembea mwenyewe kutoka kitini hadi mlango wa mbele, akalikuta gari. Jana Gareth alikuwa amemuuliza kama angependa ule mkanda nao ufunikwe, sebule ipendeze, naye akamjibu neno moja, "Jumamosi."

Pumzika kwa amani, mjomba, hudaiwi ukuta na mtu.