Wiki Sita Bila Kubeba Mawe

Benchi letu liko upande wa reli hapa Sultan Hamud, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Zamani lilikuwa la kanisa. Kanisa liliponunua viti vya plastiki nikalichukua mimi, na tangu hapo limesikia mambo ambayo halikuyasikia miaka yote ya mahubiri. Saa nne asubuhi Kanini huleta birika lake la kahawa ya tangawizi na vikombe sita, na wakaaji ni walewale. Kuna Musyimi tunayemwita Katibu, kwa sababu ndiye katibu wa mwethya wetu, kile kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Kuna Nyamai aliyelinda geti la hoteli Dubai miezi tisa, akarudi na jina la Dubai na maarifa ya dunia nzima. Na kuna Kilonzo, anayekaribisha watu mlangoni kanisani, tunayemwita Nabii kwa kuwa hutabiri mvua na kukosea. Mimi huitwa Gundi. Siku ninayoisimulia hapakuwa na mjinga kwenye benchi, nataka hilo lijulikane mapema.

Ilikuwa Alhamisi. Katibu alikuja ameshika simu kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe, akakaa mwisho wa benchi na kukataa kahawa. Tukajua ana neno.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Mwethya wetu unajenga ukuta mtoni, ng'ambo ya reli, wa kuzuia mchanga ili maji yakae chini yake mpaka kiangazi. Kila Jumamosi kila nyumba hutoa mtu mmoja wa kubeba mawe. Ukikosa Jumamosi tatu bila sababu, jina lako linafutwa, na sababu zinazokubalika ni tatu tu: ugonjwa, uzazi, na msiba. Anayefutwa halimiwi matuta yake, na siku akifiwa kaburi atachimbiwa na vibarua. Sasa Mbithe, yule anayeuza mitumba karibu na stendi, alikuwa amekosa Jumamosi mbili. Ya tatu ilikuwa kesho kutwa. Ni mjane, mabinti zake wawili wameolewa mbali, na nyumba yake imepakana na yangu.

Asubuhi hiyo alikuwa amemwandikia Katibu kwenye simu. Katibu akatusomea. Sasa hivi naona hakupaswa kutusomea, ujumbe haukuwa wetu, lakini wakati ule nilisogea karibu nisikie vizuri.

— "Katibu, habari ya asubuhi. Jumamosi sitaweza kubeba mawe. Nilienda Uturuki nikafanyiwa operesheni ya matiti, niliongeza. Si ugonjwa, ni mimi nilitaka. Daktari amesema wiki sita nisiinue kitu kizito na nisipandishe mikono juu ya mabega. Zimebaki nne. Nikipona nitabeba mawe ya siku zote nilizokosa. Naomba nisifutwe."

Kila mtu akataka kusema kwa wakati mmoja.

Dubai ndiye aliyepata nafasi, kwa kuwa ndiye aliyepanda ndege. Alisema yeye mambo hayo ameyaona kwa macho yake, hotelini, akiwa getini.

— Na ndiyo maana wazee walisema, akamalizia, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tulicheka mpaka treni ya mizigo ikapita bila sisi kuisikia. Kanini hakucheka. Alikuwa anasuuza kikombe na aliendelea kukisuuza.

Dubai akatueleza kwamba ni vifuko vya silikoni, vinaingizwa chini ya nyama, na kila miaka mitano lazima uvirudishe kwa fundi vikaguliwe, sawa na lori. Akasema ndege ikipanda juu sana vinafura, hewa ya huko ikiwa nyepesi, kwa hivyo rubani huambiwa mapema ni abiria wangapi wanavyo. Nabii akasema yeye hilo la ndege halijui, ila silikoni inatoka kwenye mafuta ya petroli, na mtu mwenye petroli kifuani hawezi kuinamia jiko. Kwa hivyo Mbithe asahau kupika ugali. Nikajaribu kusaidia. Nikawaambia mimi ndiye fundi hapa, silikoni naitumia kwenye soli za viatu na haiyeyuki ovyo. Hilo likachukuliwa kuwa ushahidi kwamba Uturuki watu wanabandikwa kwa gundi.

— Mimi shida yangu ni moja, akasema Nabii. Parapanda ikilia, Mbithe atafufuka na yapi? Yale ya Mungu ama yale ya Waturuki?

Tuliliwaza jambo hilo kwa bidii kuliko tunavyowaza mahubiri yenyewe. Katibu ndiye aliyetukatiza.

— Nabii, hiyo si ya mwethya. Mimi nataka neno moja kwenu. Niandike mgonjwa, ama niandike hakuja?

Hapo mzaha ukapungua. Tulijua maana ya kuandika hakuja. Mwaka juzi tulimfuta Kilungya wa kinu cha kusaga, na mama yake alipofariki vibarua walichimba kaburi huku wakiuliza chakula kitaiva lini. Sisi tulisimama kando ya mazishi tumevaa vizuri, mikono nyuma.

— Mgonjwa hachagui, akasema Nabii. Malaria haikuulizi kama uko tayari. Huyu mama alikata tikiti, akapanda ndege, akalala mwenyewe chini ya kisu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Sasa ameingia, nikasema. Tukimkuta ndani tunampita?

— Gundi, hiyo ni methali. Hakuna kisima.

Dubai alikuwa amekunja uso, na Dubai akikunja uso hutokea jambo la maana mara moja kwa mwezi. Akasema kosa la Mbithe ni kusema ukweli.

— Angesema ni apendiksi, hata leo tungekuwa tumempelekea uji. Nani angemwambia afungue blauzi tuhakikishe?

Katibu akakubali. Akasema angeandika mgonjwa bila kuuliza swali la pili. Akatukumbusha Muindi wa pikipiki, aliyeumwa mgongo miezi miwili mizima, akaandikwa mgonjwa kila Jumamosi, na Jumapili moja akaonekana Nunguni kwenye harusi akicheza mpaka chini. Hakuna aliyetaka jina lake lifutwe. Tulisema ni mgongo wa kuja na kuondoka.

— Kwa hivyo mwongo tunamlimia na mkweli tunamfuta, akasema Katibu. Hiyo ndiyo nitaandika kwa kitabu?

Mimi nilimkumbuka nyanya yangu na nikasema. Nyanya alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa yakawa na ncha, kama walivyofanya wasichana wengi wa Kikamba wakati wake. Yalichongwa na fundi, kwa patasi na kijiwe, bila dawa ya ganzi, na sababu ilikuwa urembo, hapakuwa na nyingine. Alinisimulia kwamba fizi zilifura akashindwa kutafuna kwa siku nyingi, na shangazi zake walimpikia uji mwembamba na kumshikia kibuyu anywe. Hakuna aliyemwambia amejitakia. Walimsifu.

— Hiyo ilikuwa mila, akasema Nabii. Walichonga wote.

— Kwa hivyo Mbithe angeenda na wenzake kumi, akauliza Katibu, ingekuwa mila?

Nabii akaomba kahawa nyingine. Nikatazama nywele zake, nyeusi kabisa kwa mtu wa miaka sitini na mbili, zilizopakwa rangi Ijumaa moja kabla ya mkutano wa injili, nikaona nisiseme. Rafiki unamwachia kitu cha kujifunika.

Lakini Nabii hakuishia hapo. Alitoa hofu yake, na lazima niseme haikuwa hofu ya bure. Kanuni ikilegezwa kwa mmoja, alisema, italegea kwa wote. Leo matiti, kesho mtu atakwenda kunyooshwa pua, kesho kutwa kupunguzwa tumbo, na kila mmoja atataka wiki sita. Dubai akaidaka hapo hapo na kukimbia nayo. Akaona wanawake wote wa kaunti ya Makueni wamelala chali wasiweze kuinua mikono, wanaume wao wamefuata wakaongezwe vifua na wao, mawe yamelala kando ya mto, na mvua ya Novemba inakuja inabeba mchanga wote mpaka baharini. Alipofika kwa Waturuki kutupiga marufuku tusije tena kwa kuwa tumewamalizia silikoni, Kanini akaweka birika chini.

Kanini haingilii mazungumzo ya benchi. Anasema akianza atakosa muda wa kuuza.

— Mimi nilimwuliza kabla aende, akasema. Nilimwambia, mwaitu, mama yangu, kwani ni nani amekusumbua? Ni mwanamume? Akasema hakuna mwanamume. Ni kitu alitaka tangu akiwa msichana, akaolewa akakingoja, akasomesha watoto akakingoja. Nikamwuliza tena, lakini ni kwa nini. Akasema, Kanini, si nimekwambia.

— Hiyo si sababu, akasema Nabii.

— Ndiyo alinipa.

Tukanywa. Mimi niliona aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeona mengi na kuyasoma vibaya. Nilimwona siku aliporudi, ndani ya gari la Probox la kukodi, ameweka mto kati ya kifua na mkanda. Nikasema moyoni, huyu ametajirika, sasa anasafiri na mito. Nilisikia kutoka kwa mke wangu kwamba analala ameketi, ameegemea ukuta. Wiki hiyo nguo zake alizianika kwenye ua wa miti, chini, kamba ikiwa tupu juu yake, nikaona ni uvivu wa mtu aliyekula raha za ng'ambo. Mikono haikufika kwenye kamba. Niliwaambia wenzangu hayo, na Dubai akasema basi hiyo ni ripoti ya daktari tosha.

— Bado amejitakia, akasema Nabii, lakini safari hii aliisema kama mtu anayetaka kukatazwa.

Ndipo akaja mgeni. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na fimbo ya kuswagia mifugo chini ya kwapa. Akatusalimu kwa salaam aleikum, akauliza kama kahawa ipo. Kanini akammiminia. Alisema anaitwa Ahmednur, ananunua mbuzi kuanzia Kitui mpaka Mtito Andei, na lori lake limesimama kwenye kituo cha petroli. Akauliza kama tunapajua kwa mama mmoja anayeitwa Mbithe, muuza nguo.

Tukasema tunapajua sana. Hata tukashindana kusema.

— Amenipigia simu jana, akasema. Anauza mbuzi wake wote sita. Nikamwuliza kwa nini wote, si uache hata wawili wa kuzaa? Akasema hawezi kuwanywesha. Mto uko mbali, kisima cha mchangani kinataka kuinama na kuchota na kuinua, na yeye daktari amemkataza.

— Anauza wote? akauliza Katibu.

— Wote. Sasa mimi nauliza nyinyi majirani, kabla lori halijavuka reli. Hao mbuzi, nani anawapa maji saa hii?

Katibu akamtazama Nabii. Nabii akatazama ndani ya kikombe chake. Dubai, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu atoke kwenye ndege, alianza kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Ahmednur akadhani hatujamwelewa, akatueleza polepole. Mbuzi mwenye kiu huanguka ndani ya lori na wenzake wanamkanyaga. Kwa hivyo lazima ajue wamekunywa lini, jana au juzi. Ni swali la biashara tu. Akangoja. Alitutazama mmoja mmoja, bila ubaya, kama mtu anayengoja chenji dukani.

— Hamjui, akasema. Sawa. Na yeye mwenyewe? Maji ya kunywa, ya kuosha hicho kidonda, nani anamchotea?

Kanini alijifuta mikono kwenye kanga, akatutazama, halafu naye akainamisha kichwa, kwa sababu hata yeye alikuwa amemwuliza Mbithe sababu, akasahau kuuliza hilo. Tulikuwa tumekaa hapo tangu saa nne. Tulijua ndege ikipanda vifuko vinafanya nini, tulijua silikoni inatoka kwenye nini, tulikuwa tumefika mpaka siku ya ufufuo na kurudi.

Ahmednur akamaliza kahawa, akarudisha kikombe, akaomba mtu wa kumwonyesha njia. Njia si ngumu, ni dakika kumi kwa miguu, lakini hakuna aliyeinuka. Ukimpeleka mtu kwa Mbithe lazima ufike mlangoni, na ukifika mlangoni akuone mikono mitupu.

Nikasimama mimi, kwa kuwa ni jirani. Njiani Ahmednur aliniuliza kama Mbithe anaweza kutembea, kama anakula vizuri, kama kidonda kimekauka, kama kuna mtu analala naye pale nyumbani. Nimeishi na Mbithe ua kwa ua miaka kumi na tisa. Kila nilichomjibu kilianza na neno "nasikia".