Hakuna Aliyekalia Kiti Changu

Bwana asifiwe, watu wa Kombani! Asifiwe tena! Na ndugu zangu Waislamu mliokuja kunisikiliza, asalamu aleikum, karibuni ndani, msibaki mlangoni.

Mimi naitwa Nyamawi, mzaliwa wa Mackinnon Road, mpiga tarumbeta wa Bendi ya Chiriku, ile inayopiga fanki na soul hotelini kule Diani. Naona baadhi yenu mmeshaanza kuguna: muziki wa kidunia! Guneni tu, nawasubiri.

Ndugu zangu, bendi ile ni kongwe. Mzee Bakari wa Munje, mpiga gitaa la besi, aliianzisha angali kijana mwenye nywele kubwa kama kichaka. Leo hana hata unywele. Watalii walikuja wakaondoka, hoteli zilifungwa zikafunguliwa, madijei wakaja na makelele yao, na Chiriku bado inapiga. Inashikwa na sharti moja. Mwenzetu akiugua, kiti chake huwekwa jukwaani na hakikaliwi na mtu. Sehemu yake ya wimbo huachwa tupu mpaka arudi, au aje mwenyewe aseme mbele ya wenzake, "Kiti nimekiacha." Nilipojiunga nao nilicheka. Niliona ni mambo ya wazee tu.

Asubuhi moja nilikuwa nasukutua, maji yakanimwagikia kifuani. Nikajitazama kiooni. Lo! Mdomo umeelekea Lungalunga, jicho limebaki Ukunda! Upande mzima wa uso umepooza. Daktari alisema mshipa wa fahamu umelala. Huenda ukaamka, huenda usiamke. Majirani wakasema ni jini. Mimi nilijua jambo moja tu, kwamba tarumbeta hupigwa kwa midomo, nami midomo sina. Nikarudi kwetu nikajifungia ndani. Niliomba mpaka maneno yakanikauka, na uso haukusogea!

Kule Diani wenzangu waliweka kiti changu jukwaani kila walipopiga. Wimbo ukifika kwenye tarumbeta, kimya. Meneja wa hoteli akachoka. Akasema muziki umejaa mashimo kama barabara mbovu, leteni mpigaji mwingine kutoka Mombasa. Mzee Bakari akamjibu kwa adabu zake zote, "Kiti kina mwenyewe, bwana." Meneja akasema Jumapili ikiwa hivyo tena, bendi nzima ifungashe virago.

Habari hizo zilinifikia, nikalia. Wenye watoto wakose kazi kwa ajili ya uso wangu? Nikaamua kwenda kukiacha kiti.

Jumapili mchana nikaingia hotelini nimejiziba mdomo kwa leso.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba, mwanangu. Ulilokuja nalo utalisema wimbo ukiisha. Keti kwanza."

Nikaketi kwenye kiti changu jukwaani. Tarumbeta niliyoiacha nilipougua ilikuwa palepale kando yake, imesuguliwa inang'aa. Besi ikaanza, ngoma zikafuata. Sehemu yangu ilipokaribia nilitaka kufumba macho kwa aibu; moja likafumba, la pili likagoma.

Ndipo nikasikia, "Pa! Pa-paa!"

Ndugu zangu! Mpishi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi, anaimba sehemu ya tarumbeta! Nyuma yake waosha vyombo. Juu barazani, watandika vitanda. Bustanini, mkata nyasi. Hakuna aliyewaambia. Miaka yote wametusikia wakiwa kazini, na nyimbo zile zilikuwa zimewaingia mwilini.

Sehemu ile iliporudi mara ya pili, hawakuimba. Walinyamaza wote, wananitazama mimi.

Nikaitwaa tarumbeta. Kwanza yalitoka mate, kisha pumzi tupu, kisha sauti! Mbovu, kama ya mbuzi mwenye kikohozi, lakini sauti! Na upande ule uliokufa nikausikia unacheza! Mzee Bakari hakunitazama, aliendelea kupiga besi huku machozi yakimdondoka kidevuni. Meneja alikuwa amesimama kando ya bwawa la kuogelea. Akavuta kiti akaketi, na habari za virago hatukuzisikia tena.

Uso wangu ulirudi polepole, tazameni, tabasamu bado limekwenda upande kidogo. Lakini kinachonishangaza hadi leo si uso. Nilipokuwa chumbani nikimlilia Mungu kwamba ameninyamazia, alikuwa amekwisha kunijibu. Alinishikia nafasi yangu kwa mikono ya watu ambao wengine hata hawasali nami! Nani kama yeye? Nimshukuruje?

Ndugu yangu uliyejifungia ndani ukiona aibu, unayesema watu wamekusahau, mtumaini Bwana. Mimi nilitoka nyumbani kwenda kuaga, nikakuta nangojwa. Inuka, toka, nenda hivyo hivyo ulivyo na mdomo wako uliopinda.