Eufrosina, Aliyejenga Asihamie

Wasikilizaji wapendwa, Eufrosina Cisneros ametutoka. Amefariki Jumanne, ndani ya trela ya kupanga, kile kijumba cha bati chenye magurudumu, nyuma ya mashamba ya zabibu hapa bondeni kwetu. Trela ya kupanga, wasikilizaji. Yeye aliyetujengea mtaa mzima.

Mnaukumbuka mwanzo wa mtaa huo. Familia tisa, wote vibarua wa zabibu, hakuna benki iliyotaka hata kuwasikiliza. Kikaja chama cha nyumba, kikasema: jengeni kwa mikono yenu kila mwisho wa wiki, jasho lenu liwe malipo ya kwanza, mkopo wa serikali utafuata. Sharti lilikuwa moja. Hakuna atakayehamia mpaka nyumba zote tisa ziishe.

Eufrosina alipanda mapaa yote tisa. Mumewe, Hilario, ameniambia: "Mimi nikipanda juu napata kizunguzungu. Basi ananipigia kelele kutoka juu, 'Hilario, shika ngazi, mume wangu, angalau hilo unaliweza!' Watu wanavunjika mbavu kwa kucheka."

Kisha mwenzao mmoja, Refugio Zavala, akaanguka shambani, akavunjika nyonga. Nyumba yake ikabaki kuta tupu. Wengine wakasema atolewe, aingizwe mwenye nguvu, vinginevyo watachelewa wote. Eufrosina akatupa nyundo chini.

"Mkimtoa Refugio, nitoeni na mimi! Leo nyonga yake, kesho yako wewe unayepayuka."

Wakarudi kazini. Wakamjengea. Ikawachukua majira yote ya baridi.

Na ni majira hayohayo ghala la kufungashia zabibu, alikokuwa akifanya kazi Eufrosina, lilipofungwa. Kabla ya kutoa funguo, maofisa wa mkopo wakapima upya kipato cha kila familia. Cha kwake hakikutosha tena. Familia nane zikapata funguo. Refugio akapata. Eufrosina hakupata.

Jiko alikuwa ameshalipaka rangi ya manjano. Binti yake, Yaretzi, anasimulia: "Mama alirudi na brashi, akaiosha. Akaiosha tena. Nikamwambia, mama, imeshatakata. Akaifungulia maji tena."

Tangu siku ile alizunguka njia ya mbali kwenda kanisani, asipite mtaa ule. Miaka ikaenda hivyo. Mwezi huu joto likamkuta ndani ya bati, na moyo wake ukasimama.

Refugio amelia mbele yangu mchana kweupe. "Alinisubiri mimi," anasema. "Kama asingenisubiri, angekuwa ndani."

Familia inayoishi katika nyumba ile iliyokuwa iwe yake, watu wema, walifungua mlango wakaomba maiti ilazwe sebuleni kabla ya mazishi. Hilario akavua kofia.

"Asanteni, jamani. Lakini alipokuwa akisikia joto na baridi alisimama nje. Leo hasikii kitu, ndiyo aingie? Hapana."

Akalazwa kanisani.

Hilario, Yaretzi, poleni sana. Bonde zima linalia nanyi. Nanyi wasikilizaji mlio chini ya paa lenu, tazameni juu kidogo, mjiulize ni nani aliyelipigilia misumari, na usiku huu analala wapi.

Mmekuwa mkipiga simu kuuliza mpeleke wapi maua na chakula. Mwenye trela ameshawataka watoke, na Hilario mwenyewe hajui wanakwenda wapi.