Wayo wa Doreen na Simu ya Baba Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, ndaga fijo, asanteni sana, kwa kufungua redio. Leo tunamkumbuka Doreen, mke wa Hezroni, mkulima wa mpunga wa Busale. Nina uchungu, na hasira pia ninayo. Mnivumilie.

Doreen alikuwa mcheshi. Akifika majarubani alivua viatu, akaimba kwa nguvu huku akifukuza ndege. Dada yake, Beatrice, anasema, "Kwa sauti ile, ndege walihama wenyewe."

Mwaka jana doa jeusi likatokea kwenye wayo wake. Haliumi, haliwashi, ila linatanuka. Hezroni akasikia kuna daktari wa ngozi anayehudumia watu mtandaoni. Unaandika tatizo, unatuma picha, anakujibu. Lakini Hezroni ana simu ya kitochi tu. Simu ya kupiga picha pale nyumbani ni moja, ya baba yake, Mzee Andongwisye. Akaiazima, wakaandika. Daktari akajibu: "Nitumieni picha ya wayo, au nendeni hospitali upesi."

Doreen akakataa picha. Mila yetu mnaijua: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wengi siku hizi wamelegeza. Doreen, wapi! Akimwona mzee njiani aliingia migombani.

"Nitaifuta," Hezroni akambembeleza.

"Na baba akiifungua kabla hujafuta? Wayo wangu kwenye simu ya mkwe! Hapana."

Hospitali je? "Tukishavuna," Doreen akasema.

Daktari akaomba picha tena. Picha haikwenda. Nasema tena, picha haikwenda. Walipomaliza kuvuna, doa lilikuwa kidonda, na mitoki imevimba kinenani. Hospitali wakasema ni saratani ya ngozi, na imeshasambaa. Doreen tumemzika Jumamosi.

Nilikwenda kumpa pole Mzee Andongwisye. Hakuwa anajua lolote. Aliambiwa simu inaazimwa kumsalimia rafiki. "Ningempa iwe yake kabisa," akaniambia. "Heshima gani hii, mwanangu, ya kuniachia wajukuu wanalia?"

Pole sana Hezroni. Poleni watoto, pole Beatrice, pole mzee wetu. Nanyi baba wakwe mnaonisikia, msingoje kuulizwa. Semeni leo nyumbani kwenu kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kupigwa picha kwa simu yenu.

Tangazo la msiba lilitufikia hapa studio likiwa na picha ya Doreen. Amevaa kitenge cha kanisani, anacheka. Lilitumwa kutoka kwenye simu ya mkwewe.