Jinsi Nilivyoutafsiri Mkono wa Kuume

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Rhotia! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe na walioko nyuma, na ninyi mliosimama mlangoni kwa sababu mmechelewa, asifiwe hata huko mlangoni!

Mimi ni mama Theresia. Mnanifahamu, maana hapa kanisani mimi ndiye ninayetafsiri. Mhubiri akija na Kiswahili chake, nasimama pembeni yake nakigeuza Kiiraqw, kwa ajili ya bibi zetu na akina mama ambao Kiswahili bado hakijawafikia. Leo nimeomba nisimame peke yangu, bila mhubiri. Ninalotaka kusema limenikaa kifuani miaka saba, na anayehusika nalo kuliko wote yuko humu ndani.

Ndugu zangu, Kiswahili sikuzaliwa nacho. Nilikipata kwenye kisomo cha watu wazima, pale shuleni, alasiri baada ya kupalilia, mwanangu Theresia akiwa mgongoni. Nikafaulu, nikapewa cheti. Mume wangu Bura akakitundika ukutani, nami nikaanza kutembea kama mke wa mkuu wa wilaya! Akina mama wakawa wananiletea barua zao niwasomee. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kijiji kizima.

Mnaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Uganda. Vijana wetu walikuwa wamekwenda, wengine hawakurudi. Sukari haikuonekana, sabuni haikuonekana, na ikija kaniki dukani tulipanga foleni tangu asubuhi, na bila jina lako kuwa kwenye karatasi ya balozi wa nyumba kumi hupati kitu. Mvua nazo zikakataa. Tembo wakashuka kutoka msitu wa Ngorongoro wakamaliza hata yale mahindi machache. Tulikuwa na hofu. Kila mtu alikuwa na hofu, sisemi uongo.

Ndipo akaja mwalimu mmoja kutoka mbali. Jina lake silitaji, maana hayupo hapa kujitetea. Alikuwa akitufundisha siku za Alhamisi nyumbani kwa jirani yangu Paskalina. Huyu Paskalina tulikua pamoja, tukaolewa msimu mmoja, tukazaa tukipokezana. Mwalimu alikuwa na kitabu cha Ufunuo kichwani mwake chote. Alitueleza farasi wanne, akatueleza matarumbeta, akatueleza mnyama atokaye baharini. Mimi bahari sijaiona, kwa hiyo mnyama yule nilimwona kama nyati dume anayetoka kwenye ukungu wa msituni. Mwalimu akasema vita tumeviona, njaa tumeiona, na sasa kununua na kuuza ni kwa karatasi. Kimebaki kitu kimoja tu, chapa. Nami nilitafsiri kila neno, sauti yangu ikiwa juu kuliko yake.

Alhamisi moja akasema kwamba watu watatiwa chapa katika mkono wa kuume.

Ndugu zangu, nisikilizeni hapa. Kuume! Kwenye kisomo tulifundishwa kulia na kushoto. Neno kuume sikuwahi kulisikia. Sikio langu likaenda kwenye neno nililolijua, likasikia "mkono wa kuuma". Nikageuka kwa akina mama, nikawaambia kwa Kiiraqw kwamba chapa ya mnyama itatiwa katika mkono utakaouma.

Akina mama wakatazamana. Bibi mmoja akaniuliza, "Mkono upi huo utakaouma?" Ningemgeukia mwalimu nikamuuliza, ingekuwa neno moja tu. Lakini mwenye cheti atauliza vipi mbele ya watu? Nikajibu mwenyewe. Nikasema mnaujua mkono huo, ni ule wanaochomwa watoto sindano kliniki, unavimba, mtoto analia siku mbili. Na kwani hapewi kadi yenye namba?

Chumba kikajaa kilio. Paskalina akamkumbatia mwanawe Yohani. Mwalimu, ambaye Kiiraqw hakukijua hata neno moja, akaona machozi akadhani Roho ameshuka. Akasema, "Amina, amina!" Nami nikalitafsiri hata lile amina.

Mwezi uliofuata gari la kliniki lilikuja kuchanja watoto surua. Nesi akapiga honi pale shuleni kama kawaida. Hakutokea mama hata mmoja katika wale wa Alhamisi. Tulikuwa tumejificha kwenye mahindi ya msimu mpya, tumechuchumaa, watoto tumewaziba midomo. Anjela wangu alikuwa na miezi kumi na mmoja. Aliniuma kiganja kwa meno yake mawili, nami nikamshukuru Mungu kwamba unaouma ni mkono wangu na si wake. Paskalina alikuwa mstari wa pili, ananitazama. Tulitabasamu, ndugu zangu! Tulitabasamu tukidhani tumemshinda mnyama.

Surua haikuchelewa.

Ilianzia kwa Yohani. Alikuwa mtoto wa kiume pekee wa Paskalina. Siku ya nne vipele, siku ya saba kifua, na tulipomwombea aliyeongoza ni mimi. Baba yake alipotaka kumpeleka hospitali ya Karatu, Paskalina aliniangalia mimi kwanza. Nikatikisa kichwa kukataa. Sikusema hata neno, nilitikisa kichwa tu. Yohani akafa siku iliyofuata, jua likiwa utosini.

Na Anjela akaanza kuungua kwa homa siku hiyohiyo.

Mume wangu Bura mnamjua, ni mtu wa maneno machache. Siku ya tano asubuhi aliniona nimepiga magoti, macho ya mtoto yametoa usaha hayafunguki. Akasema, "Mama Theresia, maombi unaweza kuomba ukitembea." Akamfunga mtoto mgongoni kwake, mwanamume mzima na mbeleko, akashika barabara ya Karatu. Nikamfuata nyuma nikilia, nikimwambia anampeleka mtoto wetu kwa mnyama. Hakugeuka hata mara moja.

Kule hospitali vitanda vilikuwa vimejaa, tukalazwa wawili wawili. Mwenzangu wa kitanda alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Malambo, mama Naserian, ambaye gari la watu wa mifugo lilimfikisha na mtoto wake mwenye surua kama wetu. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na hilo nililiona upesi, maana kiburi hakilazwi hospitali. Kila asubuhi aliomba kwa lugha yake na kumalizia na jina la Yesu.

Nesi akaja na sindano ya kifua. Nikajilaza juu ya Anjela. Nikapiga kelele, "Msimtie chapa ya mnyama!" Bura akainamisha kichwa kwa aibu.

Mama Naserian akanishika bega. "Yeyo," akaniita, yaani mama, kama wanavyoitana wao, "mnyama gani hiyo? Mimi nakaa na simba hapa, fisi hapa. Hakuna mnyama iko na chuma ya moto. Chuma ya moto iko na mwenye ng'ombe."

Nikamwambia imeandikwa.

"Sawa, imeandikwa," akasema. "Wewe uko ng'ombe ya nani?"

"Wa Yesu."

"Sasa Yesu hana chapa yake? Anaacha ng'ombe yake bila alama, mwizi anakuja kutia ya kwake wakati mama amelala?"

Nilikuwa nimetafsiri Ufunuo miezi mitatu, nikajua pembe za mnyama ngapi na vichwa vingapi, na sikuwa nimejiuliza mwenye ng'ombe yuko wapi!

Nesi yule, Mungu ambariki, hakunigombeza. Aliweka sindano kwenye sinia, akaenda kwenye meza yake akarudi na Agano Jipya. Akaniuliza ni maneno gani yananitisha. Akayatafuta, akaniwekea kidole niyasome mwenyewe. Nikasoma polepole, herufi kwa herufi kama kwenye kisomo. Nikafika pale. Nikasema, "Mbona wamekosea? Wameandika kuume."

Nesi akasema, "Hawakukosea, mama. Kuume ni kulia. Mkono wa kuume ni mkono wa kulia."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Kisha akageuza ukurasa mmoja tu, akanionyesha Mwana-Kondoo amesimama mlimani na watu wake, na jina lake limeandikwa kwenye vipaji vya nyuso zao. Akanieleza kwamba alama ya Mungu na alama ya mnyama zote mbili ni habari ya unamwabudu nani, na kwamba hakuna mtoto anayemwabudu shetani kwa kuchanjwa surua. Sikuwa nasikia vizuri. Nilikuwa nahesabu vichwa vya akina mama niliowafundisha, na kila nikihesabu nilikuwa naishia kwa Paskalina.

Nikatoka juu ya mtoto. Nikaushika mkono wake mimi mwenyewe, ili nesi achome.

Anjela aliishi! Mpigieni Bwana makofi, ndugu zangu, aliishi! Jicho la kushoto halikurudi, lina ukungu mpaka leo, nami kila nikimwosha uso ninaliona kosa langu. Lakini aliishi. Na Naserian, mtoto wa mama Naserian, jina ambalo kwao maana yake ni amani, naye alirudi Malambo akitembea kwa miguu yake.

Mkidhani huko ndiko kufunguliwa kwangu, bado. Nilipofunguliwa mimi ni hapa Rhotia.

Mnajua desturi ya wazee wetu. Mama aliyefiwa na mtoto mdogo huachwa peke yake siku nyingi, haingiliwi nyumbani hovyo, hachangii njia ya maji na wenzake. Kanisani tulisema tumeiacha desturi hiyo, lakini miguu yetu ilikuwa bado inaikumbuka, na nyumba ya Paskalina watu waliizunguka. Nilipita pale siku mbili nikijidanganya kwamba namheshimu msiba. Uongo! Nilikuwa namwogopa. Siku ya tatu nikapiga hodi. Akasema, "Usiingie." Nikaingia.

Alikuwa anapepeta maharage. Nikakaa chini, nikamweleza neno kuume na neno kuuma, nikamweleza nilivyoulizwa na bibi nikaona aibu kumuuliza mwalimu. Ungo haukusimama.

Mwisho akaniuliza, "Kwa hiyo haikuandikwa."

"Haikuandikwa."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Akaendelea kupepeta mpaka maharage yakaisha. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa kofi. Angenipiga ningeshukuru. Akasema tu, "Uliwaita wajifiche kwa mdomo huo. Gari likija, waite kwa mdomo huohuo."

Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema, nami sina haki ya kumwuliza.

Mwalimu wa Alhamisi nilimfuata pia, nikamweleza. Akasema, "Mbona hamkuniuliza?" Nikamwambia, "Na wewe ulipoona tunalia, mbona hukutuuliza?" Hakurudi tena. Simlaumu peke yake. Alituhesabia ishara zote za mbinguni na duniani, wala hakutuambia hata siku moja tusiogope.

Gari lilipokuja, nilipita shamba kwa shamba nikiita kwa Kiiraqw. Nilisema nilitafsiri vibaya, mkono ni wa kulia, sindano si chapa, leteni watoto. Akina mama wakanicheka, wengine wakafunga milango. Mmoja akaniambia, "Jana hivi, leo vile, wewe kinyonga?" Alikuwa na haki. Pale shuleni nesi alikaa na sanduku lake la barafu, na barafu inayeyuka.

Kisha tukamwona Paskalina anakuja barabarani. Alikuwa hajatoka nyumbani tangu azike. Watu wakampisha, wengine wakarudi nyuma kama desturi inavyotaka. Kiunoni alimbeba Agnesi wake wa miaka mitatu, mtoto aliyembakia. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akamkalisha mtoto mbele ya nesi, akamkunjia nguo begani. Agnesi akalia. Paskalina hakulia. Basi milango ikaanza kufunguka, mmoja mmoja, na akina mama wakaja.

Ndugu zangu, sisemi Bwana haji. Anakuja! Vita vipo, njaa ipo, na maandiko hayasemi uongo. Lakini siku hizi nikisoma Ufunuo naanza na Mwana-Kondoo, ndipo namwangalia mnyama. Yeye alinitia alama siku ya ubatizo wangu, na hakuna mwizi atakayeifuta nikiwa nimelala. Wewe unayeogopa leo, mkabidhi yeye hofu yako. Na ukiletewa neno la kutisha, uliza maana yake kabla hujampa mwenzako. Uliza hata kama una cheti!

Anjela yuko pale, mstari wa watoto, yuko darasa la pili. Yule anayeinamisha kichwa ili jicho zima lione kitabu. Mkono anaoandikia ni wa kulia.

Sasa ninamshukuru Mungu, na naomba tumshukuru pamoja. Tuinue mkono wa kuume. Nasema wa kulia, mama zangu, na nitalirudia kwa Kiiraqw asiwepo wa kukosea. Lakini kwanza nitanyamaza. Paskalina, dada yangu, wewe uliyekaa pale nyuma karibu na dirisha. Mkono wangu ni mzito. Ukiuinua wako, nami nitauinua.