Risala ya Wateja wa Dada Tulia Kabla ya Kutia Saini

Mgeni rasmi, Meneja wa kampuni ya mikopo. Dada Tulia, mshauri wetu wa mambo ya fedha. Majirani, na nyote mliobanana mlangoni kwa kukosa viti: tunawasalimu kwa heshima.

Karibu

Mgeni rasmi, karibu katika chumba hiki cha nyuma ya duka la vitambaa. Utuwie radhi kwa joto. Feni ipo, ila inazunguka inapojisikia. Tunajua umekuja kutia saini mkataba na mshauri wetu, na kalamu mbili tunaziona hapo mezani. Ratiba ilitaka tusome baada ya saini. Tuliomba tusome kabla, nawe ukakubali, tunashukuru sana.

Tulikotoka

Dada Tulia si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimbandika sisi, kwa sababu kila anayeingia hapa akihema kwa mambo ya pesa huambiwa, "Tulia kwanza. Kaa." Aliacha kazi ya mshahara, akakodi chumba hiki, akatundika kibao cha Ushauri wa Fedha. Sisi macho yetu yaliona fedha, ushauri tukauruka. Tukaja mbio tukidhani anakopesha. Alipotueleza kwamba hatoi pesa, hashiki pesa ya mtu, anazungumza na watu kisha analipwa ada, tulicheka mpaka machozi. Muuza mboga akamwuliza, "Yaani nikulipe ili uniambie sina hela? Hilo mbona nalijua bure!"

Miezi ya mwanzo alikaa hapa peke yake, kiti cha mteja kitupu mbele yake. Nyumbani mama mkwe wake kila jioni anauliza, kazi ya kuongea ndiyo kazi gani hiyo? Alivumilia, mgeni rasmi. Inatuuma tukikumbuka tulivyokuwa tunapita hapo mlangoni tukikonyezana.

Tulichovuna

Siku hizi kazi yake tunaielewa. Ukija na jambo lako, unalisema kwa sauti mbele ya mteja mwenzako mmoja. Mwenzako hakushauri wala hakusuti. Anakurudishia maneno yako yaleyale, na wewe unajisikiliza. Dada Tulia anaanzia hapo. Seremala alikuja anataka mkopo wa gari, moto kwelikweli. Akarudishiwa: "Unataka gari la kubebea mbao, na pia shemeji yako akome." Akajikuna kichwa, akasema, "Basi, ngoja kwanza." Mbao zake mpaka leo zinabebwa kwa mkokoteni, na usingizi anaupata.

Kinyozi ametenganisha pesa ya duka na ya mfukoni. Mke na mume fulani, ambao wamekaa hapa mbele na wanajijua, walitajiana mishahara yao kwa mara ya kwanza tangu waoane. Walinuniana wiki nzima, kisha wakapatana. Hatusemi kwamba sote tumefaulu. Fundi friji alisikiliza vizuri, akaitikia kila kitu, akatoka hapa akaenda kukopa kwenu vilevile. Leo hayupo kwa sababu alisikia unakuja.

Yanayotusumbua

Tuseme kweli: chumba hiki kinamwelemea. Ada tunachelewesha, wengine tunalipa kwa maneno matamu, na mwenye nyumba hali maneno. Mkataba wako utamlipia kodi, utamletea kompyuta na kiyoyozi. Naye, kwa upande wake, kila mteja atakayekaa kwenye kiti kile itabidi aelezwe mikopo ya kampuni yako kabla hajainuka. Sharti hilo Dada Tulia alitueleza mwenyewe bila kuficha, huku akiangalia chini. Hatumlaumu hata kidogo. Amechoka, na ana watoto wanaosoma.

Mgeni rasmi, ulipokuja mara ya kwanza ulisema maneno fulani, nasi tulikuwepo. Kwa desturi ya chumba hiki tunakurudishia bila kuongeza chumvi: "Watu wangu wamezunguka mtaa huu mwaka mzima, hakuna anayewaamini. Huyu mama anaaminiwa. Ndiyo maana namtaka." Hatukusuti. Tunakurudishia tu, ujisikilize.

Maombi

Risala nyingi huomba mabati, viti, maji ya bomba. Sisi tunaomba utunyime. Kompyuta tunaitamani, kiyoyozi ndiyo usiseme, lakini tunakuomba kwa heshima zote uondoke navyo, na chai unywe kabla hujaondoka. Hatuna ugomvi na mikopo. Anayeihitaji anaijua ofisi yako ilipo, na ataingia kwa miguu yake. Kuhusu kodi ya chumba, tumekubaliana kwamba kuanzia sasa ada inalipwa kabla ya kukaa, na asiyelipa atasubiri nje. Muuza mboga ndiye atakayesimama mlangoni, na yule hana utani.

Dada Tulia, tusamehe. Tulikuambia tunaandika risala ya shukrani, na hapo ulipokaa ndiyo kwanza unayasikia haya. Tunakupenda, na tumeogopa sana. Hatuwezi kukuamulia, hukutufundisha hivyo. Ukisaini, tutaendelea kukusalimia, watoto wako watabaki watoto wetu, kwenye harusi na misiba tutakuwa pamoja kama kawaida. Ila tukikaa kwenye kiti kile, hatutakuambia ukweli tena.

Mwenyezi Mungu awape nyote wawili utulivu katika jambo lililo mbele yenu, na wewe mgeni rasmi akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Wateja wa Chumba cha Nyuma

Imesomwa na mshonaji wa duka la mbele, kwa niaba ya wote.