Kofia Msumarini

NILVER: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Mtandao unakatakata.

GRISELDA: Mwenzako nani tena, Nilver? Ni mimi! Tangu adhuhuri nakupigia, hupatikani.

NILVER: Ah, Grisi, mpenzi! Salama huko?

GRISELDA: Salama ya wapi? Umenifungia kwenye banda la chui jagwa.

NILVER: Nini?

GRISELDA: Umenifungia, bwana! Nilimaliza kuwaeleza wageni wa asubuhi, nikaingia kumpa Solita maji. Mara nasikia kufuli, ka! Napiga kelele, pampu inanguruma—

NILVER: Lakini sikuona kofia yako msumarini! Anayeingia anatundika kofia, kila mtu—

GRISELDA: Najua, nimekosa. Ilikuwa kichwani, wageni walitaka picha. Njoo unifungulie.

(kelele za watu upande wa Nilver)

GRISELDA: Nilver?

NILVER: Nipo. Solita yuko upande wake?

GRISELDA: Yuko nyuma ya nondo, ananitazama tu. Yeye hana neno. Ila joto hili... napumua kwa shida.

NILVER: Mpigie bosi, Doña Eulalia, ofisini.

GRISELDA: Nimempigia. Eti kofia yako iko msumarini, kwa hiyo uko ndani, nikuombe wewe. Akakata huku anacheka.

NILVER: Kofia yangu...

GRISELDA: Kila anayepita akiiona, hasogei. Na sikumwambia hupo, Nilver. Angekufukuza.

NILVER: Si ugonge kioo, wageni wa—

GRISELDA: Nimegonga! Hawasikii, wananipungia mkono. Mtoto mmoja ananionyesha ndizi.

NILVER: (anacheka) Ungeipokea.

GRISELDA: Usinichekeshe, nitalia. Uko wapi?

NILVER: Hapa karibu tu, nili—

(sauti ya mwanamke: Cuñapé! Mikate ya jibini ya moto, abiria!)

GRISELDA: Abiria?

(mkwaruzo)

GRISELDA: Hizo ni cuñapé za stendi ya Buena Vista. Uko kwenye basi.

NILVER: Grisi, ningekupigia nikifika Iquique—

GRISELDA: Chile!

NILVER: Ningekuaga uso kwa uso, nisingeondoka. Kila siku unawaambia wageni jagwa huyu hata ukimfungulia hatoki, kashazoea. Mimi nasimama nyuma na ndoo yangu, nasikiliza. Nikaona unanisema mimi.

GRISELDA: Kumbe ile kofia ndiyo kwaheri?

NILVER: Nilidhani ukiiona utaelewa.

GRISELDA: Kofia msumarini maana yake mtu yumo ndani, Nilver! Haina maana nyingine!

(honi)

NILVER: Dereva anaita. Sikia, ufunguo ninao, ndio huo mmoja tu, niliusahau mfukoni. Kuna basi hapa linarudi huko. Nitampa dereva wake auache getini.

GRISELDA: Ufunguo.

NILVER: Ndiyo.

GRISELDA: Ufunguo peke yake.

NILVER: Grisi, nielewe—

GRISELDA: Mpe. Kisha mpigie Eulalia, umwambie kofia ile haina mtu. Mwambie wewe. Mimi mdomo hautafunguka.

NILVER: Usilie, basi. Haloo? Unanisikia?

GRISELDA: Nakusikia. Saa tisa imefika, wageni wamejaa kiooni. Na chaji inaisha.

NILVER: Sasa utafanyaje?

GRISELDA: Kazi yangu. Nitawaeleza kwa mikono. Panda basi lako, usiachwe... Solita, mama, inuka. Inuka tusimame sote, wamekuja kututaza—

(simu imezima)